Blogu Inalipa? Hesabu za Mtu Mwenye Mradi Mmoja na Jioni Chache

Jumamosi moja huko Tabata nilikaa mkekani nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wa kikoba, tukimsubiri mshika ufunguo wa tatu. Sanduku la chuma lilikuwa katikati yetu na kufuli zake tatu. Funguo mbili zilishafika. Wa tatu alikuwa msibani Gongo la Mboto. Katika kusubiri huko nikamuuliza mama mweka hazina swali ninalomuuliza kila mteja: alinipataje?

"Sikukutafuta wewe, mwanangu," akasema. "Nilikuwa natafuta katiba. Tuliambiwa bila katiba kikundi hakisajiliwi, nikaandika kwenye Google, ikaja ya kwako. Nikaichapisha hapo steshenari, tukaitumia. Hiyo programu yako binti yangu ndiye aliyeiona baadaye sana, kule chini."

Hiyo baadaye sana ilikuwa miezi minne.

Mchana mimi ni mhasibu kwenye ofisi ya watu. Usiku, nikishatapikwa na foleni ya Barabara ya Mandela, natengeneza programu ndogo ya kutunza vitabu vya kikoba: hisa, mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii. Kikundi kinanilipa Sh 30,000 kwa mwaka. Sina mwajiriwa wala mtaji wa kutaja. Wapo wenzangu wenye miradi ya namna hii. Mmoja anashona madaftari ya ngozi, mwingine anafundisha hisabati ya kidato cha nne kwa video, mwingine anauza mbegu za mboga za kienyeji. Tukikutana, swali huwa lile lile: nianzishe blogu? Jibu langu limegeuka mara mbili ndani ya miaka mitatu, na kila mara lililoligeuza ni daftari la hesabu.

Neno lenyewe kwanza, maana hapa kwetu lina historia inayopotosha. Ukisema blogu, mtu wa rika langu anamkumbuka Ndesanjo Macha na Jikomboe yake, au Muhidin Issa Michuzi, mpigapicha aliyeanzisha ya kwake mwaka 2005 na kuwazoesha Watanzania wa nyumbani na wa ughaibuni kufungua ukurasa mmoja kila asubuhi kutazama picha za nyumbani. Zile blogu zilikuwa bidhaa zenyewe. Msomaji alikuja kwa ajili ya blogu, tangazo likaja kwa ajili ya msomaji. Blogu ya mwenye mradi ni kibao cha njiani. Hakuna anayeaga nyumbani kwamba anakwenda kutazama kibao. Anakiona kwa sababu alishakuwa njiani, na ana pa kwenda.

Mwingine ukimtajia blogu anakumbuka leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu nchini wajisajili kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA): Sh 100,000 za maombi, Sh 1,000,000 za leseni ya kuanzia, na Sh 1,000,000 nyingine za kila mwaka. Milioni mbili na laki moja kabla hujaandika sentensi ya kwanza. Wapo waliofunga virago. Kanuni hizo ziliandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa tena 2022, kwa hiyo usitembee na bei za 2018 kichwani, wala usitembee na maneno ya rafiki kwamba "siku hizi hawafuatilii". Eleza kwa barua utaandika nini, ipeleke TCRA, na jibu lao lihifadhi pamoja na risiti zako.

Fedha taslimu ndiyo sehemu rahisi, basi tuimalize haraka. Njia ya kwanza ni Blogger, mali ya Google tangu 2003. Hulipi kitu, na unaruhusiwa kuiunganisha na jina lako mwenyewe la tovuti. Sura zake zimechakaa kama kalenda ya mwaka juzi iliyobaki ukutani, lakini zinafunguka hata kwa bando la kuungaunga. Njia ya pili ni WordPress, na hapa wengi huchanganyikiwa kwa sababu jina ni moja na vitu ni viwili. Kuna programu ya WordPress, ya bure tangu 2003, ambayo unaiweka kwenye nafasi uliyoikodi kwa kampuni inayohifadhi tovuti. Halafu kuna WordPress.com, wanaokutunzia kila kitu, ambao mpango wao wa chini wa kulipia ni kama dola 4 kwa mwezi ukilipa mwaka mzima. Tukiihesabu dola kwa Sh 2,500, hiyo ni Sh 120,000 kwa mwaka. Mpango wao wa bure upo, ila utavumilia matangazo ya watu wengine juu ya kazi yako. Medium na Substack nazo huanza bure, na zinawafaa wanaouza maandishi yenyewe. Mweka hazina wa kikoba cha Ifakara hayuko huko.

Jina la tovuti linaloishia na .co.tz mimi hulipia Sh 30,000 kwa mwaka. Mawakala hutofautiana bei, zunguka kidogo. La .com huwa kati ya dola 10 na 15. Ukiona kampuni inakupa nafasi ya kuhifadhi tovuti mwaka wa kwanza kwa bei ya chapati mbili na chai, tafuta maandishi madogo yanayotaja mwaka wa pili. Hiyo ndiyo bei yenyewe.

Kosa langu mimi halikuwa la bei. Nilimwachia kijana mmoja wa kompyuta anisajilie jina. Akalisajili kwa jina lake na barua pepe yake, akanikabidhi nenosiri la tovuti, nami nikaridhika kama mtu aliyepewa funguo za nyumba bila hati ya kiwanja. Mwaka ulipokwisha kijana alishahamia mkoa mwingine na namba yake haipatikani. Jina likaisha muda, tovuti ikazimika, na kikundi kimoja cha Mbagala kikanipigia kuuliza kwa upole kama nimekimbia na hela zao. Nilimpata kupitia dada yake, baada ya siku kumi na moja. Tangu hapo kila ninayemshauri namwambia neno moja kabla ya mengine: jina lisajiliwe kwako, kwa barua pepe unayoifungua kila siku, na tarehe ya kulilipia iandike pale unapoandika tarehe ya kodi ya nyumba.

Kwa hiyo blogu yangu kwa fedha taslimu ni Sh 30,000 kwa mwaka. Wengi wakifika hapa wanasema, basi ni bure. Ndipo wanapopigwa.

Makala moja inayomfaa mtu inanila saa sita. Kuna saa ya kuuliza watu, saa mbili za kuandika, saa ya kukagua hesabu isije ikamwaibisha mweka hazina mbele ya wanachama, na saa mbili za kutengeneza faili la kupakua na kupunguza picha ili ukurasa usile bando la msomaji. Saa sita ni jioni tatu. Jioni zangu zina bei, kwa sababu yupo mwenye duka Kariakoo ambaye yuko tayari kunilipa Sh 10,000 kwa saa nimsawazishie vitabu vyake. Makala 12 kwa mwaka ni saa 72, yaani Sh 720,000 nilizoziacha Kariakoo. Ongeza 30,000 za jina, unapata Sh 750,000. Gawanya kwa 30,000 anazonilipa mteja. Nilihitaji vikundi 25 kutoka kwenye blogu peke yake ili mwaka wa kwanza nitoke sare. Sikufika hata nusu.

Mwaka wa pili hesabu inageuka. Makala zipo, zinaendelea kusomwa; mimi narekebisha hapa na pale, tuseme saa kumi kwa mwaka, yaani Sh 100,000, na jina Sh 30,000. Vikundi vitano vinatosha kulipa gharama yote na chenji ikabaki. Tofauti ya 25 na 5 ndiyo hoja nzima ya blogu. Ni mnazi, si mchicha, na mwenye kupanda mnazi hujiuliza kwanza kama atakuwa bado anaishi kwenye kiwanja hicho utakapozaa. Miradi mingi ya pembeni haifiki mwaka wa pili. Mwenyewe anapandishwa cheo, anahamishiwa Mpanda, anapata mtoto, au anachoka. Kama huna uhakika kwamba kitu chako utakuwa bado unakiuza baada ya miezi 24, usiandike blogu. Peleka nguvu kwenye kitu kinacholipa mwezi huu.

Vitu hivyo viko vitatu, na nimevijaribu vyote.

Matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram ni jenereta: ukitia mafuta taa zinawaka, yakiisha giza. Sh 5,000 kwa siku kwa siku 30 ni Sh 150,000. Ukipigia VAT ya asilimia 18, ambayo tangu Julai 2022 inatozwa huduma za kidijitali zinazotoka nje, unafika Sh 177,000. Vikundi sita vinaufidia mwezi huo. Sifa ya tangazo ni kwamba linakupa jibu upesi, kwa sababu ndani ya wiki mbili utajua kama watu wanakitaka kitu chako au ni marafiki zako tu waliokuwa wanakupa moyo. Kasoro yake kila muuzaji wa mtandaoni anaijua kwa jina: "Bei?" Watu arobaini wanaandika "Bei?" chini ya picha ambayo bei imeandikwa juu yake, unawajibu mmoja mmoja mpaka saa sita za usiku, na asubuhi wote wamelala kimya. Hizo nazo ni jioni, ziingize kwenye hesabu.

WhatsApp haina gharama na ndiko biashara inakofungwa, hata kama mteja alitoka kwingine. Ila ijue mipaka yake. Status inakufa baada ya saa 24. Orodha ya kutuma ujumbe kwa mkupuo inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyekuhifadhi kwenye simu yake. Kundi linafika watu 1,024, na ukifika huko hakuna anayesoma tena. Chaneli, zilizoingia mwaka 2023, zinapokea watu bila kikomo, lakini mtu lazima awe ameshakujua ndipo akufuate. Yaani WhatsApp inakusaidia kuzungumza na aliyeshaingia sebuleni. Haimtoi mtu barabarani. Na ukianza kukusanya namba za watu kwenye orodha, kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haiwahusu benki peke yake.

Cha tatu ni miguu. Nauli na maji Sh 4,000, saa nne za Jumamosi Sh 40,000: kikao kimoja cha kikoba kinanigharimu Sh 44,000. Nikitembelea viwili, kimoja kikakubali, mteja huyo amenigharimu Sh 88,000 naye ananilipa 30,000. Kwa karatasi ningeacha siku hiyo hiyo. Lakini mama wa Tabata yuko kwenye vikoba viwili, na mdogo wake ni katibu wa cha tatu. Kikundi ambacho nimekaa mkekani mwake hakijawahi kuniuliza mwaka wa pili kwa nini kilipie tena. Vilevile, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipoviweka vikundi hivi kwenye daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, kila kikundi lazima kipite mlango wa serikali ya mtaa wake. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anavijua vikundi kwa majina na ugomvi wao. Karatasi moja kwenye ubao wa matangazo wa ofisi yake, kwa ruhusa yake, iliniletea wateja kabla makala yoyote haijaniletea.

Kwa nini basi sikuifuta blogu?

Kwa sababu niligundua kwamba mwaka wa kwanza nilikuwa nimeandika ya kunifurahisha mimi. Makala sita za mwanzo zilikuwa za jinsi nilivyoitengeneza programu: lugha niliyoitumia, jinsi nilivyozuia hesabu zisipotee mtandao ukikatika, kwa nini niliacha rangi ya kijani. Vijana wa programu wa Nairobi na Dar walizisoma, wakanipongeza, wakaniuliza maswali mazuri. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mweka hazina wa kikoba. Nilikuwa muuza samaki ninayewasimulia wavuvi wenzangu jinsi ya kutupa wavu, huku wenye kununua samaki wamesimama upande wa pili wa soko.

Kosa hili nimekuja kuliona limeelezwa vizuri na Mmarekani mmoja, Patrick McKenzie. Mwaka 2006 alikuwa ameajiriwa Japani, na jioni zake akatengeneza programu ya kuchapisha kadi za bingo, mchezo ambao walimu wa Marekani huutumia kufundishia maneno darasani. Bajeti yake ya kuanzia ilikuwa dola 60. Akawa anaandika blogu juu ya biashara hiyo, na blogu ikampa jina kubwa kati ya watengeneza programu. Lakini walimu hawakuwa wakiisoma. Walichokipata walimu ni kurasa nyingine kabisa, mamia yake, kila moja ikiwa na orodha ya maneno tayari kwa somo fulani au sikukuu fulani, kwa sababu mwalimu usiku wa kuamkia kipindi anatafuta kadi za somo lake la kesho, hatafuti programu. Kurasa hizo alimlipa mtu aliyewahi kuwa mwalimu amwandalie. Mwaka 2010 McKenzie aliacha ajira. Blogu ilimjengea heshima, kurasa zikamletea wateja, na angezichanganya angebaki na heshima tu.

Basi nikakaa na daftari nililokuwa nikiandikia vikaoni, nikatoa maswali ambayo nilikuwa nimeulizwa zaidi ya mara tatu. Si maswali juu ya programu, maana hayo hakuna anayeyauliza. Ni maswali ya kikoba. Katiba inaandikwaje? Mwanachama akifa hisa zake anapewa nani? Aliyekopa akahama, mdhamini analipa lini? Na lile linaloleta ugomvi kila Desemba: faida inagawanywaje?

Hilo la mwisho nitalieleza kidogo, kwa sababu linaonyesha makala ya kuuzia inavyopaswa kuwa. Kikundi kina wanachama 25. Hisa moja ni Sh 5,000. Mwaka mzima wamenunua hisa 1,560, yaani Sh 7,800,000. Siku ya kuvunja wanafungua sanduku, mikopo yote imerudi na riba zake, faini zimo, na jumla ni Sh 9,360,000. Wengi hukosea hapa kwa kugawa ile ziada ya Sh 1,560,000 sawasawa kwa watu 25, na aliyenunua hisa chache anaondoka anacheka. Njia ya haki ni kugawa jumla yote kwa idadi ya hisa: 9,360,000 kwa 1,560 ni Sh 6,000. Kila hisa ya elfu tano imekuwa elfu sita. Mama mwenye hisa 80 anahesabiwa Sh 480,000, mbele ya wote, na hakuna wa kununa. Makala yangu ni hiyo tu, pamoja na jedwali ambalo mtu analipakua na kujaza tarakimu zake. Chini kabisa kuna mistari miwili inayosema ipo programu inayofanya hivi yenyewe kila kikao. Mistari hiyo miwili ndiyo tangazo langu lote.

Kupima kama mradi wako una maswali ya namna hii hakuhitaji fedha. Shika simu, fungua Google, andika "jinsi ya" na neno la kazi ya mteja wako, uone inavyokumalizia sentensi. Inavyomalizia ndivyo watu wanavyouliza. Fanya hivyo pia kwenye YouTube, maana kuna maswali ambayo watu wetu wanataka kuonyeshwa kuliko kusomewa. Mwenzangu wa mbegu alipofanya hivi aligundua kwamba wateja wake wanataka kuona kwa macho mnafu ukipandwa, si kusoma aya nane. Akaacha blogu akanunua stendi ya simu ya kurekodia video, na alifanya vema. Mwalimu wa hisabati hakuhitaji hata kupima. Na yule wa madaftari ya ngozi anauza kwa jicho na mkono: picha, maonyesho, na duka lake kuonekana kwenye ramani ya Google, ambako kujisajili ni bure. Nimemwambia blogu itamlia jioni bila kumrudishia kitu. Alinuna kidogo, kwa sababu anapenda kuandika. Kama ni kupenda, aandike. Ila asiingize kwenye hesabu za biashara.

Kuna jambo jipya ambalo lazima niliseme, kwa kuwa limebadilisha bei ya blogu. Tangu 2024 Google imeanza kuweka majibu ya akili unde juu ya matokeo yake. Mtu anauliza jinsi ya kugawa faida, anajibiwa hapo hapo, anafunga simu. Hakukanyaga kwako. Makala inayotoa jibu tupu imeshuka thamani, na atakayekuahidi leo kwamba ukiandika kila wiki wageni watamiminika anakuuzia kozi ya mwaka 2015. Kilichobaki na nguvu ni kile ambacho mtu lazima aje akichukue: katiba iliyo tayari kujazwa, jedwali, fomu ya mkopo yenye nafasi ya dole gumba la mdhamini. Mama wa Tabata hakuja kusoma. Alikuja kuchukua karatasi.

Mtu ataniuliza, kwa nini basi nisiiweke karatasi hiyo Facebook, nisilipe hata hiyo 30,000? Kwa Kiswahili chetu kupanga ni kuweka mipango, na kupanga ni pia kukaa kwenye nyumba ya mwenzako. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa saa kama sita, dunia nzima, na wenye maduka humo walikaa wakitazama kioo cha simu. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa hapa Tanzania, na waliokuwa wamejenga wateja wao humo kwa miaka hawakupewa hata notisi ya kuhama. Sisemi usipange; wengi wetu ndiko tunakoishi. Nasema karatasi zako za maana usiziache kwa mwenye nyumba. Wala mwenye tovuti yake asijidanganye kwamba yuko salama kabisa: kiwanja ni chake, lakini barabara ya kumfikia ni ya Google, na Google huichimba na kuihamisha itakavyo.

Kwa hiyo jibu langu la sasa kwa mwenye mradi mmoja na jioni chache ni hili. Blogu ya kila wiki, hapana. Kwa mtu mmoja mwenye ajira ni mzigo unaomaliza mradi wenyewe. Kurasa tano au sita zinazojibu maswali ambayo umeulizwa uso kwa uso, kila moja na kitu cha kupakua, kwenye jina lililosajiliwa kwako, ndiyo, ikiwa mteja wako hutafuta kabla ya kununua na wewe una nia ya kuwepo miaka miwili ijayo. Saa 36 za kuandika kurasa sita ni Sh 360,000 kwa bei yangu ya Kariakoo, pamoja na jina Sh 390,000. Vikundi 13 vinanirudishia. Nilivipata mwezi wa kumi na saba. Kabla ya hapo, nguvu zote ni za miguu na WhatsApp, na tangazo la kulipia mara moja tu, mwanzoni kabisa, la kupimia kama kuna anayekitaka kitu chako.

Mwezi uliopita nimelipia jina langu miaka miwili mbele, Sh 60,000, kwa jina langu mwenyewe. Makala sita za mwanzo, zile za wavuvi, nimezifuta. Ukurasa wa saba utaandikwa siku nitakapoulizwa mkekani swali ambalo bado sijalijibu, na Jumamosi hii nina kikao Kigamboni.